Mwalimu wa Chumba cha Makatoni

Alikuwa mwongo. Naanza na hilo kwa sababu siku hizi watu wakimtaja wanamfanya mtakatifu, na mimi nilifanya kazi naye miaka kumi na moja, jamani, huo utakatifu sikuuona. Alimdanganya mwalimu mkuu, akawadanganya wakaguzi, akawadanganya wazazi mchana kweupe huku amewashika mkono. Alikuwa na uongo wa kila saizi, kama duka la viatu. Tulimwita Mwalimu wa Yuniti, kwa sababu ndiye aliyekuwa na kile chumba cha peke yake mwisho wa shule, karibu na vyoo, chenye watoto ambao madarasa mengine yalishindwa nao. Kulikuwa na wasioweza kukaa kitini, waliogonga kichwa ukutani, waliofika miaka kumi na miwili bila kujua herufi moja. Kulikuwa pia na wengine ambao akili zao hazikuwa na kasoro yoyote, ila walikuwa wameona mambo ambayo mtoto hafai kuona.

Shule yetu iko Bukhayo, kando ya barabara ya malori. Mpakani kukikwama, foleni inafika mpaka getini kwetu, na madereva wanakuja kuomba maji ya kunawa. Madarasa yetu ni ya mabati bila dari. Mvua ikinyesha, unaweka chaki chini na kungoja, maana hata ukipiga kelele mtoto wa dawati la mbele hakusikii. Sisi tulizoea. Yeye aliona kwamba mvua inawatesa watoto wake, kwa hivyo kila Jumamosi alikwenda mjini Busia, kwenye maduka ya karibu na laini ya mpaka, akiomba makatoni matupu. Alirudi nayo yamefungwa kwa kamba nyuma ya boda boda, yeye mwenyewe haonekani. Akayakata, akayapanga matatu matatu, akayashona kwa waya kwenye mbao za paa mpaka chumba kizima kikawa na dari. Ukiinua macho unasoma sabuni, biskuti, mafuta ya kupikia.

Mwalimu mkuu aliuliza ni nani amemruhusu.

"Ni mwongozo mpya wa wizara," akamjibu.

"Mwongozo upi?"

"Ule wa mwezi jana. Ama hamkuletewa nakala?"

Mwalimu mkuu akaona haya kukosa nakala, na maneno yakaishia hapo. Mvua ikinyesha ndani ya chumba kile, uliisikia kwa mbali tu, kama jirani anayechagua maharagwe.

Wazazi aliwafanyia vivyo hivyo. Kulikuwa na baba mmoja, kazi yake ni kubadilisha pesa pale mpakani, na watu walijua ana mtoto ndani ya nyumba ambaye hatolewi nje. Mwalimu akamfuata mpaka kwenye kiti chake cha kazi.

"Mzee, umeisikia hii sheria mpya?"

"Sheria gani tena?"

"Ya mzazi anayeficha mtoto nyumbani. Ni jela. Hata faini hakuna."

Jumatatu asubuhi mtoto akaletwa, amepakwa mafuta mpaka anang'aa. Nilimwuliza Mwalimu hiyo sheria iko kwenye kitabu gani. Akasema, "Madam, kama haipo, ni makosa yao."

Kwetu sisi walimu wenzake alikuwa mtu mgumu. Chai yake alikunywa peke yake. Sweta lake la rangi ya damu ya mzee hakulivua hata jua la Februari likiwaka, na mifuko yake ilijaa njugu, kamba na vipande vya chaki ambavyo hakumpa mtu. Alituita "watu wa wastani", kwa sababu kila siku tulikuwa tunahesabu wastani wa alama za madarasa yetu. Kusema kweli tulistahili. Wiki moja kabla ya mtihani wa kanda, tulikuwa tunawatoa wale watoto wazito na kuwapeleka "wakapumzike yuniti" ili wastani usishuke, kisha mtihani ukiisha tunawarudisha. Mimi nilimpelekea watatu. Baada ya mtihani nikatuma mtu awachukue, akarudi mikono mitupu. Nikaenda mwenyewe. Mwalimu akanifungulia mlango nusu.

"Nimekuja kuwachukua watoto wangu."

"Ulinipa. Hukuniazima."

Akafunga. Alikaa nao mpaka mwisho wa muhula, na wawili wakarudi kwangu wanasoma. Ningefurahi, lakini nilikasirika wiki nzima. Mimi ndivyo nilivyo, hasira huja kwanza na akili inafuata ikichechemea.

Watoto wa shule aliwajua mpaka ndoto zao, lakini wa kwake sina hakika aliwajua. Mkewe aliniambia hivyo kwenye matanga ya jirani, tukiosha sufuria: "Huyo wenu akifika nyumbani hasemi. Maneno yote anayamaliza huko." Kitinda mimba wao alirudia darasa, na Mwalimu alikuja kuambiwa na shemeji yake. Tena alikuwa na wivu. Hakupenda mtu yeyote aguse watoto wake wa yuniti. Chuo kilipomletea msichana wa mazoezi ya kufundisha, alimpa kazi ya kufuta madirisha wiki tatu. Kisha akalalamika kwamba hakuna anayetaka kujifunza kazi hii. Nilimwambia usoni, "Watajifunzaje na umewafungia mlango?"

"Wanaingia na sauti," akasema.

Hilo ndilo lilikuwa neno lake juu yetu sote. Tunaingia na sauti.

Nami aliniita mara moja, na hapo ndipo ningependa kuruka, lakini acha niseme. Alikuwa amebakiza mwaka na ushei astaafu. Akanikuta nikisahihisha vitabu. "Madam, njoo ukae nami Ijumaa moja tu. Mimi naondoka. Wewe una mdomo, lakini una moyo." Nikaenda. Nilikaa mpaka saa nne asubuhi. Mvulana mmoja aliniuma mkono kwa sababu nilimsogeza kiti bila kumwambia, na Mwalimu badala ya kuniuliza kama nimeumia, akaniambia niliingia vibaya tangu mlangoni. Nikamwambia abaki na yuniti yake. Nilienda nikanawa, nikapaka spiriti, nikasema kimoyomoyo kwamba mshahara ni ule ule, sasa najitafutia nini? Sikurudi. Alinikumbusha mara mbili, nikasema nina kazi, akaacha.

Sasa nimseme Ajiambo, maana bila yeye huyu mzee angekuwa kichekesho tu cha ofisi ya walimu.

Aliletwa na nyanya yake, ambaye sote tulimwita Kukhu, wote wawili juu ya boda boda moja. Kukhu anaishi huku kwetu, lakini mtoto alitokea Budalang'i. Mto ulikuwa umevunja tuta, maji yakaingia nyumbani, na Ajiambo akapanda juu ya paa la mabati pamoja na mama yake. Walikaa hapo siku moja na nusu, mvua ikiwapiga. Mashua ilipofika ilimkuta mtoto peke yake. Alikuwa na miaka minane. Kukhu alisema hayo ofisini kwa sauti ya mtu aliyechoka kuyasema, kisha akamaliza, "Tangu hapo hajatoa neno. Mimi ni mzee. Nimeshindwa."

Muhula wa kwanza wote Ajiambo aliukaa chini ya meza. Mwalimu aliwaambia watoto wengine, "Hapo ni kwake, msimsumbue." Kila siku baada ya mapumziko alikaa sakafuni kando ya ile meza, amempa mtoto mgongo, na kikombe chake cha chai na mandazi, akisahihisha kazi. Hakumwita, hakumwangalia. Mwalimu mkuu alimkuta hapo akamwuliza kama anaumwa. "Mgongo," akasema. "Daktari ameniambia nikae chini." Muhula wa pili mkono ukatoka chini ya meza ukamega mandazi. Akaendelea kusahihisha. Mwaka wa pili ulipoanza, Mwalimu alikuja mbio mpaka ofisi ya walimu, kikombe mkononi, chai inamwagika kwenye sweta. Mbio zake niliziona siku hiyo tu.

"Amesema!"

"Amesema nini?"

"Chai! Amesema chai!"

Tulicheka. Mwenzetu mmoja akasema, "Basi mwambie sukari imepanda." Mwalimu akatuangalia mmoja mmoja, akageuka, akaenda. Nami nilicheka. Nikikumbuka naona aibu mpaka masikio yanawaka.

Baada ya miaka mitatu Ajiambo alikuwa anasoma kitabu kidogo cha hadithi, anafagia chumba, anawagombeza wenzake wakimwaga maji. Tulimsikia dirishani tukipita. Ila yote hayo yalifanyika mbele ya mtu mmoja tu, na chini ya yale makatoni tu. Nje ya chumba kile alishika sweta la Mwalimu kwa nyuma na mdomo ukafungwa. Sisi hatukulifikiria hilo. Yeye nadhani alilijua, na alipenda kushikwa sweta.

Mwisho wa mwaka kituo cha kupima watoto huleta fomu. Anasema? Anasoma? Anajihudumia? Anakaa na wenzake? Unajaza ndiyo au hapana. Kila mwalimu wa yuniti anajua cha kufanya: unajaza hapana. Mtoto mwenye ndiyo nyingi anahesabiwa amefaulu, anahamishiwa darasa la kawaida, na nafasi yake yuniti inafungwa. Nilimkuta Mwalimu anajaza ya Ajiambo, ametoa ulimi kidogo kama mtoto anayechora.

"Mwalimu, mbona unaandika ndiyo?"

"Si anasoma? Niandike nini?"

"Andika hapana. Wote wanaandika hapana."

"Madam, huyu mtoto amenitoa jasho miaka mitatu. Leo niandike hajui?"

"Kwani wewe si unadanganya kila mtu?"

Akaweka kalamu chini. "Nadanganya watu wazima. Mtoto siwezi kumsingizia ujinga."

"Hicho ni kiburi tu."

"Ni kiburi," akakubali, na akaandika ndiyo ya nne.

Januari Ajiambo akaletwa gredi ya nne. Kwangu. Nilikuwa na watoto sabini na watatu. Mwalimu alimleta mwenyewe, amemnunulia sweta jipya, amejaa furaha utadhani anaoza binti. "Madam, usimwite kwa sauti. Akiingia chini ya dawati mwache, atatoka mwenyewe." Nikasema sawa, sawa, kama unavyomwambia mtu unayetaka aende zake.

Na alianza vizuri, hilo lazima niliseme. Alikaa nyuma karibu na mlango, akaandika kazi zake. Hata siku moja nilipoita majina alisema, "Niko, madam," sauti ndogo kabisa. Nilimtafuta Mwalimu kwa mapumziko nikamwambia. Akanipa njugu, kiganja kizima. Mwezi ule tulisalimiana kama watu.

Kisha mvua za masika zikaanza. Siku moja mvua ilikuja na mawe. Watoto sabini na wawili walipiga kelele kwa raha, maana somo limekufa, na mabati yalilia hata sijisikii mwenyewe. Ajiambo alikuwa chini ya dawati. Wenzake wakaanza kumcheka, wengine wakainama kumwangalia. Nikaenda. Nilitaka atoke ili waache kumcheka, sikuwa na ubaya, Mungu ananiona. Nikamshika mkono nikamvuta, na nikapaza sauti juu ya ile mvua, "Toka! Toka hapa!" Alikuwa amekumbatia mguu wa dawati. Nilimvuta mpaka dawati likaja naye. Alikuwa amejikojolea. Darasa likacheka zaidi.

Mvua ilipokatika alikuwa amenyamaza.

Saa kumi jioni Mwalimu alisimama mlangoni kwangu. Nilingoja matusi.

"Ulimvuta?"

"Nilimvuta."

"Ulimpigia kelele?"

"Ilikuwa mvua, Mwalimu! Ungetaka nifanye nini? Wako sabini na watatu!" Nikalia, kilio cha hasira, kamasi na kila kitu.

Akasema, "Fomu nilijaza mimi," akaenda.

Ajiambo hakurudi shuleni. Kukhu alimleta mara mbili mpaka getini, mtoto akajitupa chini. Mwalimu aliandika barua kwa kituo, akajibiwa kwamba mtoto huyo alishafaulu, faili imefungwa, angoje zamu ya kupimwa upya. Akaenda mwenyewe, akawadanganya, akawapigia magoti, nasikia hata alisema ni mjukuu wake. Haikusaidia. Agosti umri wake ukafika, akastaafu. Kwenye mkutano mwalimu mkuu aliuliza ni nani atachukua yuniti mpaka serikali ilete mtu. Kila mmoja alishika simu yake akaanza kusoma kitu. Nami nilisoma kitu. Watoto kumi na mmoja waliobaki walirudi nyumbani mmoja mmoja, na yule wa mbadilisha pesa akafungiwa tena ndani. Chumba kikawa stoo ya mahindi ya chakula cha mchana. Makatoni yaliondolewa kwa sababu ya panya.

Karibu mwaka mmoja baadaye alinipigia simu. "Madam, Jumanne njoo Busia, pale kituo cha kupima. Zamu ya Ajiambo imefika. Wanataka mwalimu aliyemfundisha mwisho, ndiye wewe."

Nilifika nikawakuta barazani, Kukhu, Ajiambo na yeye. Sweta lilimning'inia, shingo imekonda. Kukhu aliniambia kwamba mzee huyu huja kwake kila Alhamisi kwa baiskeli, anakaa uani mpaka jua linapinda, anaenda. Ajiambo alikuwa amerefuka. Alikaa ukingoni mwa benchi na uso ukutani. Nilimsalimia polepole, bila sauti, kadiri nilivyoweza. Hakugeuka. Mwalimu naye alikuwa amekaa hatua tatu mbali naye.

"Anakukubali?" nikamwuliza.

"Hapana," akasema. "Anajua ni mimi niliyempeleka kwako."

Afisa alikuwa dada mdogo, mpole, mwenye picha za wanyama na vibao vya rangi. Tuliingia sote. Alimwonyesha Ajiambo ng'ombe, akamwonyesha kikombe, akamwomba aguse nyekundu. Akamwita jina kwa upole mara nyingi. Ajiambo alitazama sakafu. Alipoulizwa kama anajivisha mwenyewe, Kukhu alitikisa kichwa. Afisa akajaza, hapana, hapana, hapana, hapana, na Mwalimu alifuata kalamu yake kwa macho. Safari hii hakukuwa na la kudanganya.

"Mzee, huyu anastahili yuniti," afisa akasema. "Hata leo naweza kusaini. Arudi haraka, bado ni mdogo, anaweza kusaidika."

Mwalimu alitabasamu. Niliona kabisa, alitabasamu kama mtu aliyeshinda kesi, na akamshika Kukhu bega.

"Iliyo karibu na kwao ni ipi?" afisa akauliza.

"Ni ya shule yetu," nikasema. "Lakini haina mwalimu. Ilifungwa."

"Ikiwa na mwalimu mmoja aliyekubali, hata kama hajasomea, tunaifungua muhula ujao. Tunamfundisha akiwa kazini. Zingine ziko mbali, hatafika." Alishika kalamu akangoja. "Kuna mtu pale kwenu?"

Mwalimu, mtu yule aliyekuwa na uongo wa kila saizi, aliyeweza kusema ndiyo, yupo, huyu hapa amekubali, alifunga mdomo na kunitazama. Kukhu naye akanitazama. Ajiambo pekee hakunitazama. Niliwaza wale sabini na watatu, nikawaza mkono wangu ulioumwa, na mshahara, na jinsi wenzangu watakavyocheka ofisini. Niliwaza pia yule mtoto akiamka kila asubuhi kuniona mimi, mimi niliyemvuta.

Nikasema nitafikiria.

"Sawa," afisa akasema, akafunika kalamu. Mwalimu akasema, "Asante, madam," kwa heshima kabisa, akasimama, akamsaidia Kukhu kuinuka.

Imepita mihula minne. Bado nafikiria.